Kuupima Upepo kwa Uvutano: Kina cha Pepo za Mshtarii na Zohali

0. Utangulizi

Makala haya yametokana na swali la mwanafunzi. Baada ya somo moja la istilahi za sayansi, alitaka kujua kama ni sahihi kusema kwa Kiswahili kwamba upepo una uzito. Wenzake walicheka, kwani katika usemi wa kila siku upepo ndio unaopeperusha vitu vyepesi, na wenyewe hakuna aliyewahi kuuweka kwenye mizani. Nilimjibu kwamba ni sahihi kabisa, na kwamba ziko sayari ambako uzito wa upepo ndio uliotuwezesha kujua upepo huo unashuka hadi wapi chini ya mawingu. Jibu la haraka namna hiyo huacha deni, na makala haya yanakusudia kulilipa.

Kwanza tukubaliane juu ya majina. Wengi wa wanafunzi wetu wanazijua sayari kwa majina ya Kifaransa waliyoyapata shuleni. Hapa tutatumia Mshtarii kwa sayari kubwa kupita zote, na Zohali kwa ile yenye pete mashuhuri, majina ambayo Kiswahili kiliyapokea kutoka Kiarabu. Uranusi na Neptuni ni habari nyingine: ya kwanza iligunduliwa mwaka 1781 na ya pili mwaka 1846, kwa hiyo wanajimu wa kale hawakuwa na jina la kuturithisha. Tutaandika pia tungamo pale tunapokusudia kiasi cha maada kilichomo katika kitu, na uzito pale ambapo lugha ya kawaida inatosha. Najua wapo wanaoiona tofauti hiyo kuwa ni ya kubuniwa na kamati za istilahi; lakini anayeandika juu ya uvutano hawezi kuikwepa.

1. Ganda au nyama?

Mtu akiitazama Mshtarii kwa darubini, hata iliyo ndogo, ataona mistari inayokata uso wake. Hiyo ni mikanda ya mawingu, mingine myeupe na mingine ya hudhurungi, inayoizunguka sayari sambamba na ikweta. Kati ya mkanda na mkanda hupita mikondo ya upepo, mmoja ukielekea mashariki na unaofuata ukielekea magharibi, hivyo hivyo hadi karibu na ncha. Kasi yake hupimwa kwa njia rahisi: wingu hupigwa picha, likapigwa tena baada ya sayari kujizungusha mara moja au mbili, na umbali lililosogea ukagawanywa kwa muda uliopita. Karibu na latitudo ya nyuzi 24 kaskazini uko mkondo unaokimbia takriban mita 150 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 500 kwa saa. Kwenye ikweta ya Zohali kasi hufikia karibu mita 400 kwa sekunde. Vimbunga vikali kabisa vya Dunia havifiki mita 100 kwa sekunde, na hutawanyika baada ya siku kadhaa, hali mikondo ya Mshtarii imekuwa pale pale tangu watu waanze kuipima.

Lakini picha huonyesha paa tu. Mshtarii haina ardhi ambayo upepo ungeweza kuigonga na kuikwaruza. Ni tufe la hidrojeni na heli, lenye kipenyo cha karibu kilomita 143,000 kwenye ikweta na tungamo la mara 318 la Dunia, ambamo gesi huzidi kusongamana kadiri mtu anavyoshuka, mpaka inakuwa kama kioevu, pasipo mpaka unaoonekana. Je, upepo huo ni wa juu juu tu, au unashuka hadi tumboni mwa sayari?

Kwa muda mrefu wataalamu waligawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza liliona kwamba pepo hizo ni za tabaka la hali ya hewa tu, kama zetu, zikichochewa na joto la Jua na kukomea kilomita chache, au tuseme mia chache, chini ya mawingu. Kundi la pili lilipata nguvu mwaka 1976, pale Friedrich Busse alipoeleza kwamba katika tufe la maji au gesi lizungukalo kwa kasi, mwendo wa ndani hujipanga katika silinda zilizo sambamba na mhimili wa mzunguko. Msomaji afikirie ngoma nyembamba ndani ya ngoma nene, nayo ndani ya ngoma nyingine, zote zikiwa na mhimili mmoja, kila moja ikizunguka kwa kasi yake. Mikanda tuionayo juu ingekuwa vichwa vya ngoma hizo vilivyochomoza kwenye mawingu. Tena Mshtarii hutoa joto jingi kuliko lile linalolipokea kutoka kwa Jua, kwa hiyo haikuwa lazima kumtafuta mchochezi nje ya sayari yenyewe.

Tarehe 7 Desemba 1995 kifaa kilichoachiwa na chombo cha Marekani kiitwacho Galileo kiliingia katika angahewa ya Mshtarii, kikashuka kwa mwavuli kwa muda wa karibu saa moja kabla ya kuzimwa na joto. Kilikuta upepo ukiongezeka kasi hapo mwanzo, kisha ukabaki karibu mita 170 kwa sekunde mpaka kifaa kiliponyamaza, mahali ambapo kanieneo la gesi lilizidi mara 20 lile la angahewa yetu kwenye usawa wa bahari. Kundi la pili lilishangilia. Hata hivyo kifaa hicho kilikuwa kimeshuka takriban kilomita 150 tu chini ya mawingu. Tukiilinganisha Mshtarii na chungwa, safari yote ya kifaa kile ilikuwa kama unene wa karatasi. Ilionyesha kwamba upepo haukomei kwenye mawingu, lakini haikusema unakomea wapi, wala hakuna kifaa cha kushushwa kwa mwavuli kitakachoweza kusema, maana chuma huyeyuka kabla ya swali kupata jibu. Ilibidi itafutwe njia ya kukijua kina bila ya kukifikia.

2. Umbo husaliti yaliyomo

Njia hiyo ina mizizi ya zamani. Mwaka 1672 mnajimu Mfaransa Jean Richer aliifikia Cayenne, karibu na ikweta, akagundua kwamba saa yake ya timazi iliyokwenda vizuri mjini Paris huku ilikuwa ikichelewa karibu dakika mbili na nusu kila siku. Uvutano wa Dunia ulikuwa hafifu zaidi kule kuliko Ufaransa. Newton, katika kitabu chake cha mwaka 1687, aliitumia habari hiyo pamoja na nyingine kutoka mbinguni: kwamba Mshtarii, kama alivyoona Giovanni Domenico Cassini, si duara kamili bali imebonyea kwenye ncha zake. Sababu ni moja. Kitu kinachozunguka hutanuka tumboni, na kutanuka huko hubadili uvutano wake. Mshtarii, ambayo siku yake haitimizi hata saa kumi, imevimba kiasi kwamba nusu kipenyo chake kwenye ikweta kinazidi kile cha kwenye ncha kwa zaidi ya kilomita 4,600.

Basi, wataalamu huueleza uvutano wa sayari kwa mfululizo wa namba waziitazo harmoniki, ambazo huandikwa J2, J3, J4 na kuendelea. Kila namba inaeleza namna mojawapo ambayo uvutano wa sayari hupishana na ule wa tufe kamili. J2 ndiyo kubwa; inaeleza ule uvimbe wa ikweta. J4, J6 na J8 zinarekebisha umbo la uvimbe huo. Hizi zote ni namba shufwa, na zina sifa moja: haziwezi kutofautisha kaskazini na kusini. Namba witiri, yaani J3, J5, J7 na J9, ndizo zinazoeleza tofauti ya nusu ya juu ya sayari na nusu yake ya chini.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Sayari ya gesi na vioevu ikizunguka kama kitu kimoja kigumu, bila ya upepo wowote ndani yake, haina sababu ya kuipendelea nusu moja. Kaskazini na kusini lazima ziwe sawasawa, na namba witiri zote lazima ziwe sifuri. Kwa namba shufwa mzunguko wenyewe hupiga kelele kiasi cha kuuzima mnong'ono wa upepo. Kwa namba witiri mzunguko uko kimya kabisa, na chochote kisikikacho ni upepo. Yohai Kaspi, wa Taasisi ya Weizmann nchini Israeli, alisisitiza jambo hili mwaka 2013, miaka mitatu kabla ya chombo cha kupima kufika. Kwa bahati njema Mshtarii ina upepo usio na ulinganifu: ule mkondo mkali wa nyuzi 24 kaskazini hauna mwenzake wa nguvu sawa upande wa kusini. Msemaji wa Kiswahili hahitaji kushawishika kwamba pande hizo mbili na pepo ni mambo ya ukoo mmoja, kwani tumeziita pande kwa majina ya pepo, kaskazi na kusi.

Lakini upepo unabadilije uvutano? Kwenye sayari izungukayo kwa kasi, gesi haiendi moja kwa moja kutoka penye kanieneo kubwa hadi penye kanieneo dogo. Mzunguko huipinda njia yake, ndiyo kani iitwayo kwa jina la Coriolis, mpaka upepo ukawa unapita kando kando ya mteremko badala ya kuuteremka. Kwa hiyo penye mkondo wa kudumu lazima upande mmoja wa mkondo uwe na gesi iliyosongamana kidogo zaidi kuliko upande wa pili. La sivyo mkondo ungepoteza mwelekeo wake. Tofauti hiyo ya msongamano ni tofauti ya tungamo, na penye tungamo pana uvutano. Upepo ukikomea kilomita 100 chini ya mawingu, gesi yake ni nyembamba na tofauti yake haihisiki. Ukishuka kilomita elfu kadhaa, unagusa matabaka mazito, na hapo sayari nzima huvuta kwa namna nyingine. Kina cha upepo kwa hiyo kimeandikwa katika ukubwa wa namba witiri. Kilichobaki ni kuzisoma.

3. Kusoma uvutano kwa redio

Chombo kilichopewa kazi hiyo ni Juno, cha shirika la anga la Marekani, NASA. Kilirushwa tarehe 5 Agosti 2011 na kuingia katika njia ya kuizunguka Mshtarii mwezi Julai 2016. Kilipangwa kupita juu ya ncha zote mbili, katika mzunguko mrefu wa siku 53, ambao siku nyingi kati ya hizo chombo kilikuwa mbali na sayari. Kisha, kwa muda wa saa mbili hivi, kilikuwa kikiporomoka kutoka ncha ya kaskazini hadi ya kusini, kilomita elfu chache tu juu ya mawingu, kwa kasi ya karibu kilomita 58 kwa sekunde. Katika saa hizo chache mikanda yote ilipita chini yake, na kila mkanda ulikivuta chombo kwa namna yake, huyu zaidi kidogo, yule pungufu kidogo.

Juno haikubeba mizani ya kupimia uvutano. Chombo chenyewe ndicho kilikuwa jiwe la mizani. Antena ya Goldstone, katika jimbo la California, ilikipelekea mawimbi ya redio, nacho kikayarudisha Duniani bila kuyavuruga. Kila aliyesimama kando ya barabara anajua kwamba honi ya lori linalokuja husikika nyembamba kuliko ya lori linalokwenda zake. Hiyo ndiyo athari ya Doppler, na redio nayo ina tabia hiyo hiyo. Mawimbi yanayorudi huwa yamebanwa au kunyooshwa kulingana na mwendo wa chombo, na kutokana na mabadiliko hayo hujulikana kasi yake kwenye mstari unaokiunganisha na Dunia. Usahihi uliofikiwa unatatiza akili: sehemu moja hadi mbili za mia za milimita kwa sekunde. Konokono atambaaye milimita moja kwa sekunde ni mwepesi mara hamsini au zaidi kuliko badiliko la kasi lililokuwa likitambuliwa, katika chombo kikimbiacho kilomita 58 kwa sekunde, kilicho mbali kiasi kwamba redio huchukua zaidi ya nusu saa kukifikia.

Usahihi huo haukupatikana bure. Chembe zenye umeme zinazotoka kwenye Jua, na zile zinazouzunguka mwezi Io wa Mshtarii, hupotosha mawimbi. Na mvuke wa maji katika angahewa yetu wenyewe hufanya vivyo hivyo. Dawa ya chembe ni kutumia mawimbi ya aina mbili, mafupi na mafupi zaidi, kwa sababu upotofu wake hutofautiana kwa kila aina na hivyo unaweza kukokotolewa na kuondolewa. Kifaa cha kurudisha yale mafupi zaidi kilitolewa na Italia, na hesabu za uvutano ziliongozwa na Luciano Iess wa Chuo Kikuu cha Sapienza, Roma. Dawa ya mvuke ni kuupima papo hapo juu ya antena.

Msomaji asidhani kwamba elimu hii ni ya mbali nasi. Setilaiti mbili za GRACE, zilizorushwa Machi 2002, zilifuatana kuizunguka Dunia zikipimana umbali kati yao, kwa kuwa ile ya mbele ikivutwa zaidi hujitenga na mwenzake. Mwaka 2006 zilichapishwa tafiti zilizotumia vipimo hivyo kukadiria maji yanayoongezeka na kupungua kwa majira katika bonde la mto Kongo. Hoja ni ile ile: maada ikihama, uvutano huhama nayo. Tofauti ni kwamba mto Kongo tunaweza kuuendea kwa mtumbwi tukahakikisha.

4. Kilomita elfu tatu

Safari mbili tu za Juno karibu na sayari, ya Desemba 2016 na ya Mei 2017, zilitosha. Tarehe 8 Machi 2018 matokeo yalichapishwa katika jarida la Nature. Namba witiri hazikuwa sifuri. J3 ilionekana kuwa ndogo kuliko J2 karibu mara laki tatu na nusu, lakini ilisomeka wazi; J7 na J9 zilikuwa kubwa kuliko J3. Kundi la Kaspi lilikokotoa kwamba ili kuzipata namba hizo, pepo zinazoonekana kwenye mawingu lazima ziendelee kushuka, zikipungua nguvu polepole, hadi kina cha karibu kilomita 3,000. Katika toleo hilo hilo Tristan Guillot, wa Nice nchini Ufaransa, pamoja na wenzake walitumia namba shufwa kuonyesha kwamba chini ya hapo sayari huzunguka takriban kama kitu kimoja kigumu.

Nani basi alishinda, wa ganda au wa nyama? Kilomita 3,000 ni sehemu ya ishirini na nne tu ya nusu kipenyo cha Mshtarii. Kwenye chungwa letu ingekuwa nyembamba kuliko ganda lake. Kwa jicho hilo, ni ganda. Lakini tabaka hilo lina karibu asilimia 1 ya tungamo lote la sayari, ambayo ni sawa na Dunia tatu. Angahewa yetu sote, pamoja na kaskazi, kusi na vimbunga vyake, haifikii sehemu moja ya milioni ya tungamo la Dunia. Mimi naona kwamba mgogoro ulikwisha kwa namna ambayo migogoro mingi ya elimu hukoma: swali lenyewe lilikuwa limeulizwa vibaya. Walifikiri kuna njia mbili tu, kilomita mia au tumbo zima, na sayari ikachagua ya tatu.

Ila ya tatu hiyo ilikuwa imetabiriwa. Mwaka 2008, miaka kumi kabla, Junjun Liu, Peter Goldreich na David Stevenson walitoa hoja ambayo haikugusa uvutano hata kidogo. Hidrojeni ikibanwa sana huanza kupitisha umeme. Kitu kinachopitisha umeme kikikatiza ndani ya usumaku mkali hupata mikondo ya umeme, na mikondo hiyo huzaa joto. Upepo ukishuka mno, joto hilo lingezidi lile ambalo sayari huonekana kulitoa. Kwa hiyo upepo lazima ukome kabla ya hapo, na wao walikadiria kwamba mwisho wake katika Mshtarii ni kama asilimia 96 ya nusu kipenyo kutoka kitovuni, yaani chini kidogo ya kilomita 3,000 chini ya mawingu. Hesabu ya umeme na ile ya uvutano, zilizoanza mbali mbali, zilikutana mahali pamoja. Sijui ushahidi mwingine katika habari hii unaoshawishi kuliko huo.

Hata hivyo yafaa tukiri udhaifu uliomo. Uvutano hautoi jibu moja pekee. Maada iliyopangwa kwa namna mbalimbali ndani ya tufe inaweza kuvuta sawasawa nje yake. Kundi la Kaspi lilianza na dhana kwamba pepo za ndani zina sura ile ile ya pepo za juu. Mwaka huo huo wa 2018 Kong, Zhang, Schubert na Anderson walionyesha kwamba mwendo mwingine wa ndani, usio na uhusiano na mikanda tunayoiona, nao ungeweza kuzaa namba witiri zile zile, na wakahitimisha kwamba fumbo halijafumbuliwa. Pingamizi hilo lilikuwa la haki na lilifanya kazi nzuri, kwani liliwalazimisha wenye dhana ya kwanza kujaribu mamia ya pepo za kubuni. Waliona kwamba nyingi sana hazikubaliani na vipimo, na zinazokubaliana hufanana na zile za mawinguni. Mwaka 2023, kwa kutumia vipimo vya safari nyingi zaidi za Juno na harmoniki za daraja za juu, Kaspi na wenzake walitoa ushahidi kwamba mwendo unaingia ndani sambamba na mhimili wa mzunguko, na sio kuelekea kitovu cha sayari. Zile ngoma za Busse za mwaka 1976 zimo, ila zimekatwa chini.

5. Zohali na ushuhuda wake

Kipimo kimoja kinaweza kuwa bahati. Ndiyo maana Zohali ina umuhimu mkubwa katika habari hii. Liu na wenzake walikuwa wametabiri kwamba huko upepo ungeshuka mbali zaidi, hadi karibu asilimia 86 ya nusu kipenyo kutoka kitovuni, ambayo ni zaidi ya kilomita 8,000 chini ya mawingu. Sababu ni kwamba Zohali ina uvutano hafifu zaidi, kwa hiyo kanieneo hupanda polepole, na hidrojeni huchelewa kuanza kupitisha umeme. Huo ulikuwa mtihani wa kweli: sheria ile ile, namba tofauti.

Chombo Cassini, kilichorushwa Oktoba 1997, kilikuwa kimeishiwa mafuta baada ya miaka 13 ya kuizunguka Zohali. Kabla ya kukiangamiza, waongozaji walikipitisha mara 22 katika uwazi mwembamba kati ya sayari na pete zake, kuanzia Aprili 2017 hadi tarehe 15 Septemba, kilipozama ndani ya angahewa na kuteketea. Mapito sita kati ya hayo yalitengwa kwa ajili ya uvutano. Matokeo yalipokokotolewa, namba shufwa za juu, J8, J10 na zinazofuata, zilikuwa kubwa kiasi ambacho hakuna sayari izungukayo kama kitu kigumu ingeweza kuzitoa. Upepo wa ikweta wa Zohali ni mpana na wenye nguvu kiasi cha kusikika hata katika namba ambazo kwa Mshtarii kelele za mzunguko zilizima kila kitu. Kina chake: karibu kilomita 9,000. Pale pepo zinapokomea, katika sayari zote mbili, kanieneo ni la karibu mara 100,000 ya lile la kwetu.

Zohali ilikuwa na mtego wa ziada ambao haufai kupitwa. Upepo hupimwa kwa kulinganishwa na mzunguko wa sayari, na urefu wa siku ya Zohali haukujulikana kwa hakika, kwa sababu usumaku wake umelingana mno na mhimili na hivyo hautikisiki wakati sayari inapojizungusha. Vyombo vya Voyager vilitoa saa 10, dakika 39 na sekunde 22. Mawimbi madogo yaliyoonekana ndani ya pete, yanayosababishwa na mtikisiko wa sayari yenyewe, yalitoa mwaka 2019 saa 10, dakika 33 na sekunde 38. Dakika hizo sita zinaonekana chache, lakini kwenye ikweta ya Zohali zinabadili kasi ya upepo wote kwa karibu mita 90 kwa sekunde. Kumbe kabla ya kusema upepo una kasi gani, lazima ujue kwanza kilichosimama ni nini. Na kwenye sayari ya gesi hakuna kilichosimama.

6. Doa, na sayari mbili zilizobaki

Njia hii imetumika hata kwa jambo dogo zaidi. Mwezi Februari na Julai 2019 Juno ilipita juu ya Doa Jekundu Kuu la Mshtarii, dhoruba yenye upana unaozidi ule wa Dunia. Mvuto wake ulitambuliwa, na mwaka 2021 ikatangazwa kwamba kina chake hakizidi kilomita 500. Ni dhoruba bapa kama chapati, iliyobanwa kati ya mikondo ambayo mizizi yake inashuka mara kadhaa zaidi ya hapo.

Uranusi na Neptuni zimepitiwa mara moja moja tu, na chombo kimoja, Voyager 2: Januari 1986 na Agosti 1989. Kutokana na mapito hayo, na mienendo ya miezi na pete, tunazijua J2 na J4 peke yake, wala hakuna namba witiri hata moja. Pamoja na uhaba huo, mwaka 2013 Kaspi na wenzake waliikamua J4 wakapata kikomo: pepo za Neptuni, zinazofikia kasi ya karibu mita 400 kwa sekunde kuelekea magharibi, hazigusi zaidi ya sehemu mbili za elfu za tungamo la sayari hiyo, na za Uranusi ni pungufu kidogo ya hapo. Hicho ni kina cha karibu kilomita 1,000. Lakini kikomo si kipimo. Kinatuambia upepo haupiti wapi, hakituambii unafika wapi. Tena sayari hizi mbili hazikujengwa na hidrojeni kama Mshtarii. Ndani yake inadhaniwa kuna maji mengi, amonia na methani vilivyobanwa, na maji ya namna hiyo nayo hupitisha umeme. Kama ni umeme unaozuia upepo huko pia, hidrojeni haiwezi kulaumiwa peke yake.

Mwaka 2022 ripoti ya vyuo vya taifa vya sayansi vya Marekani ilipendekeza kwamba chombo kikubwa kinachofuata kipelekwe kuizunguka Uranusi, pamoja na kifaa cha kushuka ndani ya angahewa yake. Chombo hicho kingelazimika kupita karibu sana na sayari, ndani ya pete zake nyembamba na nyeusi, kwani harmoniki za daraja za juu hufifia upesi kwa kila kilomita ya umbali. Na kwa kuwa mhimili wa Uranusi umelala karibu ubavuni, kaskazini yake na kusini yake hupokezana Jua kwa miaka 42 kila moja. Kama namba witiri za sayari hiyo zitapatikana si sifuri, litafuata swali ambalo Mshtarii haikutulazimisha kuliuliza: tofauti hiyo ni ya kudumu, au ni ya majira tu?